Nani Anavuruga Mipangilio ya Wateja

Dada Zaina,

Shikamoo. Mguu umepona, au bado unasimama nao stendi ya Mombo kuuzia abiria mahindi? Niambie ukweli, maana barua yako ilikuwa na "sijambo" nyingi mno. Nasikia siku hizi kila kitu ruksa, hata Korogwe kuna duka la intaneti. Ukienda, usiwape jina lako kamili. Mimi mzima, baridi ya Ujerumani tu ndiyo inanitesa.

Uliuliza nafanya kazi gani hasa. Tunafungasha programu za Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ili watu waziweke kwenye kompyuta zao. Mimi naandika maelekezo ya kuamsha programu kompyuta inapowashwa, pamoja na mipangilio ya kuanzia. Mwenye kompyuta anaibadilisha apendavyo.

Basi wateja wakaanza kulalamika: wanabadilisha mipangilio, kesho yake imerudi ileile ya kwetu! Nikajua kuna mtu ananichezea. Nikamjua: Marek, wa meza ya jirani. Kila asubuhi ananiletea kahawa. Ya nini? Sijamwomba. Nikitoka kuswali namkuta anachungulia kompyuta yangu. Nikamshtaki kwa bosi. Marek akaambiwa akae nyumbani mpaka uchunguzi uishe. Alikusanya vitu vyake bila kunitazama, nami nikasema moyoni, leo umepatikana!

Jana nikafungua maelekezo yangu nitafute ushahidi wa kummaliza. Dada, kumbe kuna mstari niliouandika mwenyewe, zamani: kompyuta ikiwashwa, rudisha mipangilio ya kwanza. Niliuweka kwa kuwa sikuwaamini wateja. Nilidhani watavuruga wenyewe halafu watusingizie. Kisha nikausahau kabisa.

Najua unacheka, unasema huyu tangu kwetu Mnyuzi, jirani akipita tu, anakwenda kuhesabu kuku asije akawa ameibiwa. Cheka. Lakini Marek ana mtoto mchanga, na mimi bila kazi hii kibali cha kukaa huku sina. Hakuna mwingine aliyeuona mstari ule. Naweza kuufuta, yakaishia hapo. Naona aibu hata kukuandikia kwamba nililifikiria hilo. Ingawa kahawa ile, wallahi, mpaka leo sijui aliileta kwa nini.

Mfikishie mama shikamoo yangu, na shangazi wa Misima pia. Shemeji mwambie nimemkumbuka.

Kesho asubuhi naingia kwa bosi kumwonyesha mstari ule. Ukisikia nimerudi Mnyuzi na sanduku langu, usiniulize mbele za watu.

Mdogo wako anayekupenda,
Athumani