Mnyama Aliyeapiwa na Baba

Anse-au-Loup, 22 Oktoba 1953

Mdogo wangu Rosaire,

Natumaini hujambo huko mgodini na kifua kimetulia. Mimi namshukuru Mungu, ila miguu inanisumbua nikipiga magoti kanisani.

Ni habari ya baba. Ana miaka themanini na mmoja, na kila siku anatoka na mashua peke yake kumtafuta yule mnyama wa ziwani. Anataka kumwona mara ya pili kabla hajafa. Fernand mwenye duka humtania, "Mzee Aurèle, leo mnyama wako kaenda misa?" Baba hununua tumbaku yake, akatoka. Juzi alirudi amelowa hadi kiunoni. Nikamfichia buti, akaenda na viatu vya kanisani.

Wewe ndiwe uliyemcheka kuliko wote, mpaka mkaachana. Mwandikie. Pengine wewe atakusikia.

Dada yako,
Odile

Sudbury, 30 Oktoba

Dada Odile,

Salamu nyingi. Kifua bado, lakini kazini naingia.

Barua hii nimeichana mara tatu. Kiangazi kile baba alipomwona mnyama, nilikuwa na miaka kumi na minne. Unayajua yale magogo yaliyowazamia wakata miti, yanavyosimama wima majini, kichwa tu kikiibuka. Moja nililifunga kamba, nikajificha kwenye matete, nikawa nalivuta na kuliachia. Likawa kama shingo. Nilitaka tucheke naye jioni. Kabla ya jioni alishakwenda kwa padri, akaapa mkono juu ya Biblia.

Ningesema nini? Nikaona haya, na haya ikawa dhihaka. Miaka ishirini na saba namcheka mtu niliyemdanganya mwenyewe. Msomee hii. Akijua ni gogo, atakaa ndani.

Mdogo wako,
Rosaire

Anse-au-Loup, 10 Novemba

Mdogo wangu,

Bwana akulinde. Huku tu wazima, na baridi imetufikia.

Siku nne nilikaa na barua yako nikisali rozari. Kumnyang'anya mzee kitu alichokishikilia maisha yote? Lakini nimwache afe maji kwa ajili ya gogo? Jumapili nikamsomea, supu ya njegere ikipoa.

Akafuta masharubu. "Gogo la Rosaire nililiona asubuhi. Alipokimbia, kamba niliikata mwenyewe. Yeye nilimwona kwenye matete, matako nje kama bata."

"Sasa uliapa nini, baba?"

"Niliapa nilichokiona saa tisa alasiri. Hicho hakikuwa na kamba."

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaniuliza, "Gogo ndilo lililomfanya asije nyumbani? Mimi nilikuwa nangoja aje aseme mwenyewe."

Jana alitoka tena, na upepo wa kaskazini unavuma. Ufukweni barafu imeanza kushika. Mimi sijui kuogelea, Rosaire. Hata sijui niombe nini.

Dada yako,
Odile

Sudbury, 14 Novemba

Dada,

Nisamehe, leo sina salamu ndefu. Nimepewa ruhusa, naondoka Jumanne kwa treni. Mwambie baba asitoke bila mimi.

Huyo mnyama simwamini hata sasa, na hilo usimfiche. Lakini mzee wa umri ule hawezi kupiga makasia na kuangalia maji kwa wakati mmoja. Yeye aangalie. Makasia nitapiga mimi.

Mdogo wako,
Rosaire