Basi la Wazee Lilisimama Nyumbani

Hamar, Norwe
26 Mei 2024

Mpendwa kaka Eivind,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe pamoja na wifi Doreen, hapo Saskatoon, Kanada. Goti linaendeleaje tangu upasuaji? Binti yenu Karin aliniandikia kwamba sasa unatembea hadi kwenye sanduku la posta bila mkongojo, nikafurahi mno. Mimi sijambo. Sukari ipo lakini imetulia. Macho ndiyo hayo: gazeti nasoma, ila mtu akinipungia mkono ng'ambo ya barabara inabidi nipunge tu bila kujua ni nani.

Huku baridi ilikawia kuondoka mwaka huu. Ziwa liliachia barafu mwishoni mwa Aprili, na viazi nimepanda juzijuzi. Kaburi la Mama nimelisafisha na kupanda maua ya bluu aliyoyapenda.

Sasa nina habari, kaka. Nimeianza barua hii mara tatu nikaichana, kwa hiyo nivumilie nikizunguka kidogo.

Chama chetu cha wastaafu husafiri kwa basi kila mwaka wakati miti inachanua. Mwaka huu walichagua Hardanger. Unajua sijakanyaga huko tangu shamba letu liuzwe. Nilimwambia jirani yangu Gunvor siendi. Kesho yake akaja na karatasi ya majina mkononi.

"Nimeshakuandika. Kiti cha dirishani," akasema. "Ukikataa nitawekwa na Oddvar, na yule mzee anakoroma hata mchana."

"Gunvor, mimi kule nina mambo yangu."

"Kila mtu ana mambo yake, shoga. Yabebe, basi lina nafasi."

Basi nikaenda. Tuliondoka siku mbili baada ya sikukuu ya taifa, wazee thelathini na wanne, na kiongozi wetu Ingunn akituhesabu kila tuliposimama kwenda chooni, yaani kila saa. Kule juu mlimani theluji ilikuwa bado imesimama kama kuta pande zote mbili za barabara. Watu walikula mikate yao yenye jibini la kahawia, wakaimba, wakabishana nani alikosea maneno.

Halafu barabara ikaanza kushuka. Unaikumbuka ile kona ambapo maji ya ghuba hutokea ghafla chini yako? Watu wote walisogea madirishani. Miteremko yote ilikuwa myeupe kwa maua, mpaka ukingoni mwa maji. Nilijikuta nina miaka saba, nimekaa nyuma ya trekta, wewe umenishika kola ya koti nisianguke.

Ingunn akachukua kipaza sauti akatangaza kwamba tutakunywa kahawa kwenye shamba moja la matufaha. Akalitaja jina. Lilikuwa letu, kaka. Kwenye ratiba waliandika "shamba la matunda" tu. Sikumwambia mtu. Nilikaza macho dirishani, na Gunvor akadhani nimechafukwa na tumbo kwa sababu ya kona.

Ghalani wameweka meza na viti. Nyumba wameipaka rangi ya manjano. Dirisha la jikoni ni lile lile. Mwenye shamba ni mama wa miaka arobaini na kitu, anaitwa Liv. Wazazi wake ndio walionunua shamba kutoka kwa Baba. Alinimiminia kahawa akaniuliza kama nimewahi kufika Hardanger. Nikamjibu, "Zamani kidogo." Nilitaka tu kunywa kile kikombe nirudi garini.

Tulipoitwa kuondoka, Ingunn akahesabu thelathini na watatu. Aliyekosekana ni Oddvar. Huyo alikuwa mwalimu wa shule, ana miaka themanini na minane, na siku hizi kumbukumbu zake huja na kuondoka. Walimtafuta chooni, ghalani, gatini. Kjetil, dereva wetu, akapiga honi mpaka mbwa wakaanza kulia. Liv akabadilika rangi.

"Kama amepanda juu, kuna mto," alisema. "Theluji inayeyuka sasa hivi, maji yamejaa, na uzio wa kule umeanguka."

Mimi nilikuwa nimeona lile lango dogo nyuma ya ghala liko wazi. Nikaanza kupanda. Sikufikiri, kaka, miguu ilikwenda yenyewe. Ngazi za mawe, halafu kushoto kwenye mwamba, halafu ile njia nyembamba iliyo kando ya mto ambayo Mama alitukataza. Mto ulikuwa unanguruma hasa. Gunvor alikuwa nyuma yangu akihema na kupiga kelele, "Torbjørg! Umejuaje njia, wewe mwanamke?" Nilizidi kupanda.

Nilimkuta kwenye bustani ya juu, hatua kumi tu kutoka ukingoni, ameketi juu ya nyasi, kofia imefunikwa na maua.

"Umechelewa, binti," akaniambia. "Kaa chini, darasa limeshaanza."

"Nisamehe, mwalimu," nikasema, nikaketi kati yake na mto, nikamshika mkono kwa nguvu zote nilizobaki nazo.

Ndipo nikainua macho kuutazama mti aliouegemea.

Ulikuwa mti wako. Shina nene la mtufaha wa Babu, na usawa wa kifua changu lile kovu la pale ulipoukata kichwa bila ruhusa ukaubebesha vikonyo vyako vitatu, vijiti vya mtufaha wa aina nyingine. Matawi yote matatu yapo, makubwa kuliko kiuno changu, yamechanua mpaka majani hayaonekani. Moja lilikuwa limeinama sana, na chini yake kuna nguzo ya mwaloni yenye panda, imesuguliwa na kufungwa kipande cha ngozi ili isichubue gome. Ule ufundi wa kufunga ngozi naujua. Ni mkono wa Baba.

Asubuhi uliyoondoka baada ya ugomvi wenu juu ya mti huo, Baba alipanda juu na shoka. Hilo ulilijua, uliliona ukiwa kwenye feri. Mchana akaketi mezani akasema, "Ule mti sasa ni kuni." Hakuna aliyeuliza. Tangu siku hiyo bustani ya juu ilikuwa yake peke yake, na hata nilipokuwa nakuja likizo na mume wangu sikuthubutu kupanda.

Liv alifika mbio na Kjetil. Walipokwisha kumwinua Oddvar, Liv akanigeukia.

"Mama, wewe si mgeni hapa."

Nikamwambia mimi ni binti wa nani. Aliweka mkono kinywani. Kisha akasema wazazi wake walipopewa funguo, mzee aliwaleta hadi pale, akawaambia mengine yote wafanye watakavyo, ila huo mti wasiuguse. "Si wangu," aliwaambia. "Ni wa kijana wangu."

Nililia mbele ya watu wote, kaka, na Gunvor akanipa leso yake. Liv anasema matufaha ya mti ule ni mazuri kuliko yote shambani lakini hawajawahi kujua ni ya aina gani. Mimi nami sijui. Wewe ndiye unayejua, kwa hiyo mwandikie. Anwani yake nimeiweka ndani ya bahasha.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nichane karatasi tatu. Baba alipofariki hapa kwangu, nilikuandikia kwamba alikufa kwa amani. Haikuwa hivyo. Siku nne za mwisho kila mlango ulipofunguka aliuliza, "Eivind amefika?" Mimi nilimjibu uko njiani. Ulipotuma shada la maua badala ya kuja mwenyewe, nilikukasirikia kiasi kwamba nikaamua hustahili kujua. Kila Krismasi tunapigiana simu tunaongea habari za theluji, na kila mara nimelikalia neno lile. Miaka arobaini umeishi ukidhani hakukutaka. Aliyekuachia udhani hivyo ni mimi.

Sikuombi usinikasirikie. Una haki. Ila ujue kwamba alikungoja, na alikufa akiamini uko njiani.

Msalimie sana wifi Doreen. Mbusu Karin na wanawe kwa niaba yangu. Gunvor anakusalimu ingawa hamjuani, na Oddvar, ambaye hajui kwamba alipotea, anamsalimu kila mtu. Mungu akupe usingizi mtulivu na miguu ya kukufikisha utakako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata miaka ile niliyokuwa na hasira,

Torbjørg