Kihori cha Kilo Thelathini na Nane

Jumatatu, 15 Julai 1996. Migori.

Bathsheba amekubali — kwa sharti.

Nilimkumbusha wakati wa uji kwamba tarehe 16 Septemba tutatimiza miaka arobaini ya ndoa, na kwamba siku hiyo nitampandisha kwenye yoti. Akaendelea kuchambua maharagwe. Kisha akasema kwamba yoti ni kitu cha kuchezea cha Wazungu. Hailimi, haikamuliwi, haileti kitoweo. Nikitaka yeye aingie majini, basi hicho chombo kidogo ninachokitafuta cha kutufikisha kwenye yoti kilete samaki nyumbani.

"Kikileta samaki, Baba Joyline, nitapanda. Kisipoleta, nitabaki na kuku wangu."

Ni haki. Nimekubali.

Niandike mambo yalivyo, nisije nikajidanganya. Bwana Henrik, mhandisi wa barabara, aliniachia yoti yake alipohamishwa mwezi uliopita. Nilimfundisha Kiswahili miaka mitatu. Yeye akanifundisha tanga. Yoti imetia nanga Homa Bay, mbali kidogo na ufuo, kwa kuwa inahitaji kina na gati limezibwa na magugu maji. Kimashua chake cha zamani kimeoza. Wavuvi hunivusha kwa hisani yao, lakini mashua zao zina vichwa vya misumari, na ubavu wa yoti tayari una mikwaruzo saba. Bila chombo changu mwenyewe, yoti ni picha ukutani.

Bathsheba hajawahi kupanda chombo chochote cha majini. Nilipokuwa nikihamishwa shule hadi shule, yeye alibaki na watoto na shamba. Mwaka tuliooana nilimwahidi kwamba nitamwonyesha ziwa akiwa ndani yake. Magoti yake hayatangoja mwaka mwingine.

Alhamisi, 18 Julai. Homa Bay.

Nimefikia kwa Noordin, katika chumba kilicho nyuma ya duka lake la vifaa vya ujenzi. Ni mtu wa Lamu; kila jambo la maji analijua, au anasema analijua. Kwao chombo ninachokitafuta huitwa kihori. Neno zuri. Nimelichukua.

Aliniuliza nataka kihori cha namna gani. Nikamsomea karatasi yangu. Kiwe chepesi, mimi na Bathsheba tuweze kukibeba. Kisipinduke mtu akisimama kuvuta samaki. Kisikwaruze yoti. Na kiwe na ubao wa kukalia wenye kimo cha inchi kumi na sita — nimepima kigoda chake cha jikoni — maana akikaa chini ya hapo hawezi kuinuka.

Noordin akacheka mpaka akashika meza. "Mwalimu Ombui, watafuta mke au chombo?"

"Mke ninaye. Ndiye aliyetoa masharti."

Anacho kihori cha mpira, cha kujazwa upepo kwa pampu ya mguu. Nilikibeba peke yangu kama godoro! Kesho tutakijaribu.

Ijumaa, 19 Julai.

Tulipata mbuta mmoja wa kilo tatu. Mbuta ana miiba mgongoni.

Tulirudi tukipiga kasia huku tumekaa ndani ya maji, Noordin akisema Alhamdulillahi kwa kila pumzi. Mpira na miiba havikai nyumba moja. Mbuta tulimla kwa ugali. Alikuwa mtamu.

Jumapili, 28 Julai.

Leo kimeletwa kingine kutoka Kisumu juu ya lori, cha faibaglasi, cheupe kama sinki. Kizuri kwa macho. Watu wawili wanakibeba bila kutokwa jasho. Chini ni cha mviringo. Nilimwuliza muuzaji kama mtu anaweza kusimama ndani. Akasema bila shaka.

Nikasimama. Sikupata nafasi ya kukaa tena.

Muuzaji alinivuta kwa kola ya shati akieleza kwamba alikuwa na maana ya mtu mwenye mazoea. Kofia yangu ya kijivu imeelekea Uganda. Wanawake wanaonunua samaki ufuoni walipiga makofi. Mmoja wao, mwenye sauti kubwa, jina lake Truphena, aliniuliza kama ninabatizwa upya. Nikamjibu kwamba sisi Waadventista tunazamisha mara moja tu, na inatosha. Akacheka zaidi. Nami nikacheka, baada ya kukauka.

Jumatano, 7 Agosti. Sindo.

Nimekuja kwa fundi Odoyo, ambaye kila mvuvi anamtaja. Ana miaka kama yangu, penseli juu ya sikio, na hasalimii mpaka amalize ubao alioushika. Nampenda mtu wa namna hiyo.

Mashua zake ni za mvule, imara kweli. Nilimwuliza inachukua watu wangapi kuibeba iliyo ndogo kuliko zote. "Sita. Na mmoja wa kupiga kelele." Kisha akanitazama miguu hadi kichwa, akaniita mwalimu kwa Kijaluo. "Lakini Japuonj, wewe ni Mkisii. Mkisii na maji wapi na wapi? Si nyinyi ni watu wa ndizi?"

Nilimwambia kwamba Nuhu pia hakuwa mvuvi. Akafurahi. Akaita chai.

Tulizungumza hadi saa tisa. Anasema atanitengenezea cha plaiwudi nyembamba, chini bapa kama sinia, maungio yote yashikwe kwa gundi na kitambaa cha faibaglasi, bila msumari hata mmoja. Ukingoni atazungushia tyubu ya baiskeli, isikwaruze. Hajawahi kukitengeneza cha namna hiyo. Amekiona mara moja kwa wamishonari, akakikumbuka. Nilimpa kipimo cha kigoda. Hakucheka. Alikiandika ukutani.

Nilipokuwa naondoka akauliza, "Hii ni ya samaki ama ya watu?"

"Vyote viwili."

Akakuna kichwa kwa penseli. "Haya. Utajua mwenyewe, Japuonj."

Ijumaa, 23 Agosti. Sindo.

Kina umbo! Nimekigonga kwa vidole, kinalia kama ngoma ndogo. Odoyo alitaka kushusha ubao wa kukalia ufikie inchi kumi na mbili, eti chombo kitatulia zaidi. Tulibishana. Nikamwonyesha kwa magoti yangu mwenyewe jinsi Bathsheba anavyoinuka. Akasema mke wake naye anainuka hivyo hivyo. Akauacha kwenye kumi na sita na kupanua chini kwa upana wa kiganja. Hivyo ndivyo kazi inavyofanywa.

Jumanne, 3 Septemba. Homa Bay.

Kimefika juu ya shehena ya magunia ya mahindi. Rangi ya kijani. Hakina mkwaruzo.

Truphena hakuamini kwamba ni mbao. Akadai kipimwe. Tukakining'iniza kwa kamba kwenye mizani yake ya samaki, chini ya kibanda, watu wakajaa. Kilo thelathini na nane! "Hii ni mbuta wawili tu," akasema. "Na mmoja wao amekonda."

Noordin alikizunguka mara tatu akitafuta kasoro. Hakuiona. Akasema kwao Lamu kingekuwa bora zaidi, lakini hakusema kwa nini.

Alhamisi, 5 Septemba.

Siku njema kupita zote za mwaka huu. Niliingia majini saa kumi na mbili asubuhi. Kihori kinapita juu ya magugu kama bata. Unayasukuma kwa kasia na kusonga mbele. Nilisimama ndani yake, nikageuka, nikainama, nikavuta. Kimetulia! Ngege kumi na mmoja kabla ya saa tatu.

Niliporudi, mwenyekiti wa ufuo, Mzee Nyamgero, alikuwa ananingoja na wazee wawili. Aliwahesabu samaki, akachota maji ya ziwa kwa kiganja, akanyunyizia ubavu wa kihori na kusema maneno ya Kijaluo. Kisha akanipa mkono. Amesema sasa ni chombo kamili cha kuvua, cha ufuo huu, na mimi ni mtu wao. Nilishukuru kwa hotuba fupi. Sikutarajia heshima hiyo, tena kwa mtu wa ndizi.

Ngege wanane nimewapeleka Migori kwa basi la mchana, katika kapu lenye majani mabichi, pamoja na barua.

Jumapili, 8 Septemba.

Jibu la Bathsheba limeletwa na kondakta. Maneno manne: "Wamefika. Ni watamu. Nitapanda."

Nimelisoma mara nyingi kuliko linavyohitaji.

Jumapili, 15 Septemba.

Bathsheba amefika saa nane na kikapu, mwavuli, na viatu vya turubai alivyonunua kwa ajili ya kesho. Nilimpeleka ufuoni akakione. Alikitazama kihori, akapima ubao kwa macho. "Hiki ni kigoda changu," akasema. Basi. Lakini alikipapasa.

Nikamwomba ajaribu kukaa, kingali nchi kavu. Aliinua mguu — na Mzee Nyamgero akaja kwa haraka, mkono juu.

Alimsalimia kwanza kwa adabu zote. Kisha akanivuta pembeni. "Japuonj, mama asikanyage. Hii imeshashika samaki. Imekuwa yie, mashua ya kuvua. Mwanamke haingii kwa yie ya kuvua. Ungebeba mama kwanza, kabla ya samaki, hakuna shida. Ingekuwa ya abiria. Sasa nimeinyunyizia mimi mwenyewe."

Nikamwambia kwamba mimi siamini mambo hayo. Akajibu kwa upole kwamba hanidai niamini. Lakini wavuvi wake sitini wanaamini. Mwanamke akikanyaga, kesho hakuna atakayeingia majini, na wavu wowote utakaorudi mtupu mwezi huu utakuwa wavu nilioufunga bahati mimi. Na mashua zote za ufuo huu ni za kuvua. Hakuna nyingine ya kumvusha.

Miaka thelathini na mmoja niliwaadhibu watu waliosema hawakuijua kanuni. Odoyo aliniuliza wazi, nami nikajibu kama mtu anayeagiza chai.

Nilimweleza Bathsheba njiani, neno kwa neno. Tulipofika dukani kwa Noordin akasema: "Kwa hiyo ni wale ngege."

"Ni wale ngege."

"Na mimi ndiye niliyewaagiza."

Noordin, aliyesikia, alitoa shauri kwamba twende alfajiri kabla wazee hawajaamka. Bathsheba akamkatalia. Amesema hakungoja miaka arobaini ili apande kama mwizi. Na kwamba mgeni hatembei na viatu juu ya mkeka wa mwenyeji. Kisha akavua viatu vyake vipya, akavipanga ukutani pamoja, vidole vikielekea mlangoni.

Jumatatu, 16 Septemba. Saa tano asubuhi.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya jiwe. Nieleze kwa utaratibu.

Saa mbili tulikwenda ufuoni, Bathsheba na mimi, ili aione yoti kwa mbali na tule chakula chetu pale. Ndilo tulilokubaliana. Alivaa vile viatu. Truphena alituona. Akataka kujua kwa nini mama amevaa viatu vya maji na amekaa juu ya mchanga. Bathsheba akamweleza, wanawake wengine wakisogea.

Truphena akamwita mwenyekiti kwa sauti iliyowafikia wote. "Jaduong' Nyamgero! Ufuo wako unaishia wapi?"

"Pale kwa mawe. Unajua."

"Na ng'ambo ya mawe?"

"Ni kwenu. Mnafulia huko."

"Na chombo kisicho na wavu, kisicho na ndoana, kikiwa kwetu, ni cha nani?"

Mzee aliwatazama wavuvi waliokuwa wakishona nyavu. Waliinamisha vichwa, mmoja akicheka ndani ya kofia. Akavua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni. "Macho yangu siku hizi inaishia kwa mawe," akasema. Akaenda kuangalia nyavu.

Wanawake walikuwa wanne. Niliwaambia wangoje, nitafute watu wa kusaidia. Truphena alikuwa ameshainua kihori mbele. "Mwalimu, hii? Hii ni karai tu." Wakakipandisha mabegani, kijani chote kiking'aa, wakapita kati ya mashua za mvule zisizobebeka, wakavuka mawe. Bathsheba nyuma yao na mwavuli. Ingekuwa ya watu sita na mmoja wa kupiga kelele, ingebaki pale pale.

Nilibeba makasia na kikapu. Huko wanakofulia, walikisugua kihori ndani na nje kwa sabuni ya mche, mara mbili, mpaka kisinuke samaki. Wakaondoa kamba yangu na ndoana zote na kuniwekea mapajani.

Bathsheba akaingia. Akakaa. Inchi kumi na sita! Magoti yake yalikunjika kama anakaa kanisani. Akaufungua mwavuli. Nikavua viatu nipande.

"Wewe unakwenda wapi?" Truphena akaniuliza.

Nikasema ninakwenda kumpeleka mke wangu kwenye yoti.

"Wewe si mvuvi? Mwenyekiti amekunyunyizia. Mvuvi haingii kwa chombo cha wanawake." Wenzake wakashikana mabega kwa kicheko. Nikamtazama Bathsheba aniokoe. Alikuwa anarekebisha kitambaa chake cha kichwa.

"Kanuni ni kanuni, Baba Joyline," akasema. "Tutarudi kukuchukua."

Truphena alizaliwa kisiwani Rusinga. Anasema alijifunza kasia kwa kuuiba mtumbwi wa baba yake. Anapiga vizuri kuliko mimi. Wako wawili tu ndani, na kikapu cha chakula wamekwenda nacho.

Saa tano na robo. Wameyavuka magugu. Wamefika kwenye yoti. Bathsheba ameweka kiganja ubavuni mwake, pale penye mikwaruzo saba, na ameniinulia mwavuli. Nami nimeinua mkono, na ndoana.

Saa tano na nusu. Hawakufunga kamba. Wameipita. Kasia moja sasa analo Bathsheba. Kihori kinakwenda upogo, kinarudi, kinakwenda. Ameufunga mwavuli. Anacheka — nasikia hadi hapa, na wanawake walio nyuma yangu wananiuliza kama ndivyo anavyocheka siku zote.

Wanaelekea penye maji mengi. Hawajageuka.