Chai Uliyotutumia

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Kilosa hatujambo, babu yako anapalilia mahindi. Mzigo wako wa chai tuliupokea stendi ya basi Mikumi. Umeuliza, kati ya chai zile, ipi tamu?

Asubuhi yangu ya kwanza ukweni Ruhembe, kwenye miwa kila upande, mama mkwe alisahau kutia sukari kwenye chai. Wote wakanywa kimya. Nikasema, "Samahani mama, chai haina sukari." Babu yako akanikanyaga mguu. Mama akaonja, akacheka: "Leo nimepata mwenzangu." Tulipatana mpaka alipofariki.

Basi nakwambia: ile ya maua inanuka sabuni. Babu yako anainywa kimya, kwa kuwa umeituma wewe. Ya tangawizi imeisha. Nyingine usiitume kwa basi, ilete mwenyewe.

Bibi yako