Nakshi za Baba Hazifunguki

Jumatano. Mawingu yametanda Kariakoo tangu asubuhi na mvua haishuki. Jasho tu. Niko dukani, mashine ya kudarizi nimeifunika shuka, na naandika kwa sababu sina kazi nyingine ya kufanya.

Baba yangu ni mdarizi. Kanzu, mabuibui, majoho ya maharusi. Sehemu kubwa ya maisha yake imepita kwenye chumba hiki cha ghorofani, huku chini wauza vitambaa wakibishana na makuli. Nakshi alikuwa akizichora mwenyewe kwenye kompyuta ya mezani, kompyuta ikaiongoza mashine ishone. Tangu apate kiharusi, mkono wake wa kulia hautulii. Hachori tena. Lakini nakshi zake zote zilikuwa humo ndani ya kompyuta. Mimi kazi yangu ni kuchagua, kubonyeza na kubadilisha nyuzi. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaishi.

Kompyuta yenyewe ni ya zamani sana. Hivi karibuni ilianza kugoma kufungua barua pepe za wateja, na kila nikiiwasha inanikumbusha kwamba mfumo wake hauhudumiwi tena. Nikaingiwa na hofu. Nikamwambia Baba tupige windo mpya, yaani tubadilishe mfumo mzima wa kompyuta.

"Inashona?" akaniuliza.

"Inashona, Baba."

"Basi iache."

Sikuiacha.

Nilimwita Deo, fundi kompyuta wa mtaa wa nyuma, mtu wa Moshi, mpole, na kazi yake naiamini. Naye alinitahadharisha. "Dada Rahma, windo hii mpya haizitaki kompyuta za umri huu. Inaipima kwanza, ikiona ni kuukuu inakataa. Kuna njia ya kuruka hicho kipimo, ila siwezi kukuhakikishia kila kitu kitakubali." Nikamwambia fanya. Akanakili nakshi za Baba kwenye flashi, akafuta kila kitu, akapiga windo.

Ikawaka. Rangi mpya, barua pepe zinafunguka, mimi nacheka peke yangu. Nilimnunulia Deo soda. Nilimtazama hata Baba kwa jicho la "si unaona", na hilo sasa linaniuma kuliko yote.

Kesho yake nikachomeka waya wa mashine ya kudarizi. Kimya. Kompyuta haikuitambua kabisa. Ile programu ya kuchorea nakshi nayo ilikuwa imefutwa pamoja na vingine, na tulipotaka kuiweka upya tukaikuta CD yake kabatini imepasuka katikati. Deo akarudisha mfumo wa zamani, na kweli mashine ikatambulika. Lakini bila programu haina cha kushona. Akahangaika na programu mpya za kudarizi, moja baada ya nyingine. Zote zinafungua nakshi za aina nyingine. Za Baba, zilizohifadhiwa kwa namna ya ile programu ya zamani tu, zinazikataa. Kampuni iliyotengeneza ile ya zamani ilishafungwa. Nimewaandikia hivyo hivyo, na barua yangu imerudi.

Leo akaja Bi Zuhura. Mwanawe anaoa Ijumaa, na joho lake lilikuwa kwetu.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Joho limefikia wapi?"

Nikamweleza ukweli wote. Nikamtolea kitambaa cheusi, kimekatwa vizuri, hakina hata uzi mmoja wa dhahabu. Nilitamani anifokee. Hakunifokea.

"Joho la baba yake alilidarizi huyu huyu baba yako," akasema. "Nilitaka mwanangu avae nakshi ile ile. Lakini Ijumaa hainisubiri. Wacha nikitafutie fundi mwingine."

Akakikunja kitambaa polepole. Alipofika kwa Baba, aliyeketi pembeni, akampa pole, akamwombea afya, akaondoka.

Baba akasogeza kiti chake karibu na kompyuta.

"Nakshi zimepotea?"

"Zipo, Baba. Hazifunguki."

Nikamwonyesha. Majina yote aliyozipa yamejipanga kwenye kioo. Akayasoma kwa sauti ya chini, taratibu, kama anaita watu.

"Kama zipo, kwa nini zisifunguke?"

Nimesoma mimi. Nina cheti. Na hata mimi sielewi vizuri kwa nini.

Akachukua chaki na kipande cha kitambaa, akajaribu kuchora jani. Jani moja tu. Mstari ukatetemeka, ukaenda kombo. Akaufuta kwa kiganja, akaanza tena, ukaenda kombo tena. Nikageuka, nikajifanya natafuta uzi.

Mchana Deo alipita. Amewauliza mafundi wenzake wote hapa mjini, akafika hadi Buguruni kwa wanaouza kompyuta za mtumba, kumtafuta yeyote aliyebaki na programu ile. Hakuna. Akaniomba msamaha. Nikamwambia hana kosa, alinitahadharisha nami nikamruhusu.

"Lakini kuna matumaini?"

Aliitazama kompyuta kwanza, kisha Baba.

"Sitaki kukudanganya, dada."

Sasa hivi Baba anaswali alasiri nyuma ya pazia. Ameniambia akimaliza tufunge, twende nyumbani. Hajawahi kutaka kufunga duka kabla ya magharibi.

Hajanilaumu. Hata neno moja. Sijui nimshukuru kwa hilo au nimwombe anilaumu, angalau tuwe na jambo la kuzungumza njiani.

Kesho asubuhi nitafungua duka kama kawaida. Nikishafungua nifanye nini, sijui.