Ukuta wa Ubatizo

Kimwani, Muleba
7 Januari 2024

Mdogo wangu Joanitha,

Tumsifu Yesu Kristo. Huko Kahororo hamjambo? Sisi hatujambo, ila Mama anakohoa asubuhi, ingawa jembe hajaliacha. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu tunaishia kupandishiana sauti.

Nimekusikia redioni. Mtangazaji alikuuliza wazo la kuchora kwa utomvu wa mgomba ulilipata wapi, ukajibu, "Lilinijia tu." Lilikujia! Nani alichora jogoo kwa utomvu kwenye shati la shule la kaka Mwesiga, akachapwa na Mama mpaka fimbo ikavunjika? Wewe ulikuwa pembeni unatafuna muwa. Leo una maonyesho, wageni wanapiga picha na wewe, na mimi naandika majina ya saluni za Muleba kwa rangi ya mafuta. Nakuonea wivu, Joa. Nalisema wazi lisije likaniozea tumboni.

Sasa nina ombi. Padre anataka ukuta ulio nyuma ya kisima cha ubatizo uchorwe kabla ya Pasaka. Nimeiomba kazi hiyo. Nasikia na wewe umepigiwa simu. Kataa. Wewe kuta unazo nyingi, mimi nautaka huo mmoja.

Dada yako,
Gaudiosa


Kahororo, Bukoba
21 Januari 2024

Dada Gaudi,

Milele amina, na shikamoo. Natuma tangawizi na asali kwa ajili ya kikohozi cha Mama. Mwambie nimemwulizia sana. Mimi ni mzima, mgongo tu unanisumbua kwa kuinama.

Redioni nilikutaja, wakakata. Usipoamini, basi. Lakini usidhani picha zinajichora zenyewe. Kila asubuhi nashuka Nyanga kwenye kibanja, shamba la migomba, la mama mmoja, Violeth, ambaye akishakata mkungu ananiachia mgomba. Nakinga utomvu kwenye kopo, narudi mbio kabla haujaganda, nachora kwenye kitambaa cha amerikani bila kuona ninachochora, maana ukiwa mbichi hauna tofauti na maji. Halafu naanika juani, nangoja siku kadhaa ukolee. Hapo ndipo najua kama nimechora uso au nimechora kiazi. Vitambaa vingi naishia kudekia.

Sitakataa, dada. Picha zangu zimo hotelini na maofisini, na Mama hajaziona hata moja. Kazi zako anaziona kila akienda sokoni, na jioni mnakaa wote jikoni mnamenya ndizi za ebitoke na kucheka. Unadhani wivu umezaliwa nao peke yako? Ule ukuta angeutazama kila Jumapili. Padre amesema kila mmoja alete kitambaa cha mfano, wazee wa parokia wachague. Changu nimekituma kwenye basi pamoja na barua hii. Mfikishie. Huko sina mtu mwingine wa kumtuma.

Mdogo wako,
Joanitha


Kimwani, Muleba
12 Februari 2024

Joanitha,

Salamu. Kikohozi cha Mama kimetulia, tangawizi imesaidia.

Furahi, umechaguliwa wewe.

Kitambaa chako nilikifungua. Ndiyo, nilikifungua, ungekuwa wewe ungekiacha? Nikamwona Yohane wako mtoni, anammwagia Yesu maji kwa kibuyu, na maji yenyewe yanatembea. Changu nilikuwa nimekiiga kwenye kitabu cha katekisimu. Nilikitazama mara moja nikakitia motoni chini ya chungu. Jumamosi, siku moja kabla ya wazee kukutana, nikakata mgomba, nikaanza upya kwa hasira, bila kuiga kokote.

Mvua ikanyesha mpaka Jumapili. Baada ya misa wazee wakavitandaza vyote viwili mezani. Chako kimekolea, kinasema chenyewe. Changu cheupe. Mzee Byabato akakiinua dirishani, akaniuliza, "Waitu Gaudiosa, umetuletea shuka?" Wakacheka wote, na Padre naye. Nikawaambia wangoje, kitatokea. Wakasema Pasaka haingoji.

Nilijua utomvu unataka siku zake. Nani ajue kama si mimi? Wivu ndio uliokataa kungoja. Njoo uchore ukuta wako. Siku utakayokuja nitakuwa Muleba mjini. Kitambaa changu nimekiacha kwa Padre, sitaki kukiona.

Gaudiosa


Kimwani, Muleba
4 Machi 2024

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Mama anauliza mbona ulikuja ukaondoka bila hata kuonja olubisi, juisi ya ndizi aliyokukamulia.

Amenisimulia. Mlikwenda naye kanisani kuuona ukuta, Padre akawafungulia sakristia mchukue ngazi, na kitambaa changu kilikuwa kinaning'inia humo. Kimekolea. Juzi nimekwenda kukitazama mwenyewe: bibi anamwogesha kichanga juu ya majani ya mgomba, maji yanamtiririka viwikoni. Sikujua kama ni mimi niliyekichora. Mama anasema ulisimama mbele ya kitambaa hicho, kisha ukakusanya brashi zako. Kesho yake Padre akaniambia umeacha kazi, nichore mimi.

Mzee Byabato amekuja kunipongeza, nikamjibu kwa mkato. Ngazi imeegemezwa ukutani, naipita, siigusi. Sitaki kuachiwa, Joa. Kama umenihurumia kwa sababu nilichekwa, rudi umchore Yohane wako. Nitakushikia ngazi huku nakulaani moyoni, lakini nitaishika. Kama kilichokuondoa si huruma, kitaje kwa jina lake.

Dada yako,
Gaudiosa


Kahororo, Bukoba
9 Machi 2024

Dada Gaudi,

Shikamoo. Msalimie Mama.

Ni wivu. Kama Mama asingekuwa amesimama nyuma yangu, ningekichana kitambaa chako.

Mdogo wako,
Joanitha