Kila Mzazi Apige Kura

Frogtown, Saint Paul
5 Oktoba 2025

Mdogo wangu Vale,

Hujambo? Uwase naye hajambo? Mwambie mjomba wake bado anapumua, ni mgongo tu unaonisumbua. Nakuandikia barua pepe kwa sababu nikipiga simu umelala, na ukiamka mimi niko kazini. Hata Bukoba tulikuwa tunaonana zaidi.

Tarehe nne Novemba wilaya yenu ya shule inapiga kura. Huku shule ikipungukiwa haisubiri wizara, inawauliza wakazi: mnakubali tuongeze tozo juu ya kodi ya majengo? Wakikataa, darasa la Uwase litaunganishwa na la jirani, na sisi wakalimani wa shule tutaachishwa kazi, mimi wa kwanza.

Kamati inayoitetea tozo ilitaka kipeperushi cha Kiswahili. Wakenya wakasema apewe Mtanzania, ndiye mwenye lugha. Nimetafsiri mwenyewe, si kompyuta. Kisome uone kinavyotiririka! Nimekuachia boksi kanisani kwenu Brooklyn Park, ugawe.

Usaili wako wa uraia mwezi wa kumi na mbili tunauombea. Siku utakayoapa, mbuzi ni juu yangu.

Kaka yako,
Silas


Brooklyn Park
12 Oktoba

Kaka, shikamoo.

Sisi wazima, Uwase ana mafua tu. Vipeperushi vimekwisha, na nusura nile kofi. Mama Rahab, yule mwenye nyumba ya vyumba vinne, alinifuata mpaka kwenye chai ya baada ya misa: "Valentina, wewe una-rent tu! Mnanipandishia property tax, halafu kesho unahama. Kitanda usichokilalia huwezi kujua kunguni wake!" Nikamjibu, "Mama, mwenye apartment atanipandishia rent vilevile. Kunguni tunalala nao wote." Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Sasa furahi. Ijumaa nilipotoka zamu ya usiku nilipitia kupiga kura ya mapema. Kipeperushi chako kilikuwa mkononi: "Kila mzazi apige kura. Njoo na leseni ya udereva." Nikaenda na leseni. Wakanipa fomu ya kujiandikisha, mama wa pale mezani akanionyesha pa kutia sahihi, na kwa usingizi niliokuwa nao ningesaini hata talaka. Nimetoka na stika ya waliopiga kura kifuani. Nilijisikia vizuri sana, kaka. Nilikumbuka mikutano ya wazazi kule nyumbani, mwenye mtoto shuleni ananyoosha mkono, basi.

Mdogo wako,
Vale


Frogtown
12 Oktoba, usiku

Vale,

Salamu baadaye. Toa hiyo stika.

Kura ile ni ya raia peke yao. Fomu uliyosaini ni kiapo kwamba wewe ni raia, na wewe una grini kadi tu, kibali cha kuishi. Kiingereza kilisema "mpiga kura mwenye sifa". Nikaona maneno makavu, nikaweka "mzazi". Nilidhani watu wanajua. Ee Mungu wangu.

Usimwambie mtu, hata padri. Akina Rahab wakisikia, watasema tozo inapitishwa na wageni, na itaanguka. Ngoja tarehe nne ipite, nitalimaliza mwenyewe. Niamini.

Kaka yako akupendaye,
Silas


Brooklyn Park
6 Novemba

Kaka Silas, shikamoo.

Tunaendelea. Nimesikia tozo imepita kwa tofauti ya kura themanini na tatu. Hongera. Tarehe nne imepita, na simu yako sijaiona.

Kunyamaza sikuweza. Niliwazuia Bagalwa wa kanisani na mkewe, nao si raia, walikuwa wanatafuta funguo za gari waende kupiga kura na kipeperushi chako mkononi. Kisha nikaenda kwa wakili, kule mtaa wa Phillips. Anasema kwenye usaili lazima wataniuliza kama nimewahi kupiga kura. Nikisema ndiyo, naweza kunyimwa uraia, hata kupelekwa mbele ya jaji nirudishwe Tanzania. Nikisema hapana, nimedanganya chini ya kiapo, na jina langu limo katika daftari lao. Kinga yangu ni moja: uandike na kusaini kwamba wewe ndiye uliyeweka neno "mzazi".

Akauliza pia kwa nini sikuirudisha kura yangu, ifutwe kabla ya kuhesabiwa. Nikasema hairudishwi. Akasema kuna muda wa kuirudisha, na ile Jumapili niliyokuandikia muda ulikuwa haujaisha. Kaka, ulikuwa unajua?

Mdogo wako,
Valentina


Frogtown
9 Novemba

Mpendwa mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na Uwase, mafua yameisha, kazi inaendelea na baridi hamjaanza kuilaani. Mimi nipo.

Kura zinahesabiwa upya, wapinzani wameomba. Maelezo yangu yakitoka sasa yatafika mahakamani, na tozo yote itakwenda na maji. Fikiria watoto wote, si Uwase peke yake. Unauliza kama nilijua. Nilisikia ofisini kwamba inawezekana, sikuwa na hakika, na ungekwenda kuirudisha wangekuuliza sababu.

Wakikuuliza, sema hapana. Kura moja kati ya maelfu, nani ataifukua? Nimekaa nchi hii miaka kumi na tano, nawajua. Ukishaapa tutayacheka haya yote.

Kaka yako,
Silas


Brooklyn Park
10 Desemba

Silas,

Shikamoo nimeiacha, si kwa kusahau. Uwase mzima.

Jana nilikwenda kwenye usaili. Wakili alikaa kando yangu. Afisa ni kijana mpole, alinikaribisha maji. Maswali ya serikali na bendera niliyajibu yote. Kisha akauliza kama nimewahi kupiga kura katika nchi hii. Hapana yako ilikuwa tayari mdomoni, Silas. Ni neno rahisi kutamka. Nikasema ndiyo, na mkono wake ukaacha kuandika.

Nikatoa kipeperushi. Akakigeuza huku na huku, hajui Kiswahili. Nikamsomea, nikamwambia hapa panasema every parent. Akauliza nani aliandika. Wakili akanigusa bega. Nikasema, "My brother." Akataka jina. Nikampa jina lako lote na mtaa unaokaa.

Hajaamua. Wamenipa karatasi kwamba nitajulishwa, huenda ikawa miezi, na wakili hathubutu kuniambia itakuwaje. Watakutafuta na wewe. Sijui utawaambia nini, na hilo ndilo linaloniliza, kwa sababu zamani ningeapa kwa niaba yako nimefumba macho.

Kura zimehesabiwa, tozo imesimama. Darasa la Uwase halikuunganishwa, na kazi yako ipo. Jana jioni aliniuliza, "Mama, are we staying?" Nikamwambia sijui, maliza chakula.

Ukiandika hayo maelezo, mpelekee wakili. Hapa kwangu usije, hata Krismasi.

Mama Uwase